Mazingira Safi Juba: Haki ya Nani, Wajibu wa Nani

Ibara ya 41 ya Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya 2011 inampa kila mtu na kila jamii haki ya mazingira safi yenye kulinda afya. Inamtwika pia kila mtu wajibu wa kuyatunza kwa manufaa ya waliopo na watakaozaliwa. Mkazi wa Juba ambaye nyumba yake iko kando ya khor (mkondo wa maji ya msimu) iliyozibwa na chupa za plastiki anaweza kudhani kwamba ibara hiyo inamtosha kufungua kesi. Haimtoshi. Ibara ya 44 inasema masharti ya sehemu hiyo ya Katiba, yakiwa peke yake, hayadaiwi mahakamani, isipokuwa pale Katiba au sheria nyingine iliyotungwa inapoyapa nguvu. Anayedai mazingira safi hana budi kuegemeza dai lake kwenye vifungu vingine, na kwanza kabisa kwenye vile vinavyoibana halmashauri.

Halmashauri inawajibika kwa lipi

Ibara ya 166 inazitaka serikali za mitaa zikuze mazingira salama yenye afya, na zizishirikishe jamii katika maamuzi kuhusu maliasili za maeneo yao. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009 ndiyo iliyopanga ngazi: vijijini kuna kaunti, payam na boma, mijini kuna halmashauri za jiji, manispaa na miji. Mazingira ni eneo la mamlaka ya pamoja kati ya taifa na majimbo, kwa hiyo Wizara ya Mazingira na Misitu hutunga sera, lakini taka za sokoni hazizolewi na waziri.

Halmashauri ya Jiji la Juba ilianzishwa 2011 kutokana na payam tatu: Juba, Kator na Munuki. Maeneo yanayolizunguka jiji, yakiwamo Rajaf na Northern Bari, yamo katika Kaunti ya Juba. Mpaka huo una uzito wake. Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya Nile, ni sehemu ya payam ya Rajaf. Mkazi wake akipeleka lalamiko la jalala kwa meya, huenda akarudishwa mikono mitupu kwa sababu ofisi inayomhusu ni ya kaunti.

Kazi ya halmashauri inayoonekana zaidi ni uzoaji wa taka, ambazo hupelekwa dampo nje ya mji, upande wa barabara ya Yei. Wenye maduka na vibanda hutozwa ada kwa ajili ya usafi. Anayelipa ada, awe muuza samaki wa soko la Konyo Konyo au mwenye duka la jumla, adai stakabadhi yenye jina la ofisi, tarehe na kiasi. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi kwamba huduma imelipiwa, na taka zikikaa bila kuzolewa ndiyo ya kwanza kuambatishwa kwenye barua ya malalamiko.

Kazi ya pili ni ukaguzi. Maafisa wa afya wanatakiwa kuangalia migahawa, machinjio, vyoo vya masoko na maji yanayouzwa. Wakazi wengi hununua maji yanayochotwa Nile na kusambazwa kwa malori, hivyo kuyatia klorini pale malori yanapojazia ni kinga ya mji mzima. Mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Juba Mei 2014 ulionyesha wazi kwamba choo kinachofurika, mtaro uliozibwa na pipa la maji vinahusiana.

Yapo mambo yaliyo nje ya uwezo wa halmashauri. Mabomba ya maji yako chini ya shirika la maji mijini, na ugawaji wa viwanja ni wa serikali ya jimbo. Uchafuzi utokanao na visima vya mafuta unasimamiwa na taifa kwa Sheria ya Petroli ya 2012, ambayo inadai tathmini ya athari kwa mazingira.

Haki ya kupata taarifa

Ibara ya 32 imo katika Hati ya Haki, hivyo kizuizi cha ibara ya 44 hakiigusi. Inampa raia haki ya kupata taarifa na kumbukumbu za ngazi yoyote ya serikali, isipokuwa zile zinazoweza kuhatarisha usalama wa umma au faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2013 inaifafanua. Kwa msingi huo, raia anaweza kuomba mkataba wa kampuni inayozoa taka mtaani kwake, au matokeo ya ukaguzi wa soko.

Namna ya kulalamika

Lalamiko huanzia ngazi ya chini: chifu au ofisi ya mtaa, kisha block (ngazi iliyo chini ya jiji) au payam, kisha jiji au kaunti. Barua itaje mahali hasa, tarehe tatizo lilipoanza, walioathirika na hatua inayoombwa. Picha na sahihi za majirani huipa nguvu. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki kwa mlalamikaji.

Ofisi ikikaa kimya, Tume ya Haki za Binadamu na Baraza la Malalamiko ya Umma hupokea malalamiko dhidi ya vyombo vya serikali. Mchafuzi akiwa mtu au kampuni, polisi wanaweza kufungua jalada, kwani Kanuni ya Adhabu ya 2008 ina makosa dhidi ya afya ya umma, likiwamo kuwasababishia watu kero.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki 2016, na Mkataba wa Jumuiya una sura ya mazingira. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali kwa kuukiuka katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Mwaka 2014 mahakama hiyo iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatisha kaskazini mwa Serengeti, katika shauri lililofunguliwa na shirika la kutetea wanyama lenye makao Kenya. Muda ni mfupi: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kilipofanyika au mlalamikaji alipokijua.