Mama Aliyenyamazishwa Matangani

Wapendwa wanakikundi, somo hili tunalianza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Katika kikundi kimoja tulichokuwa tukikitembelea, mama mmoja alifiwa na kijana wake. Tulifanya kama ilivyo desturi: unga, sukari, majani ya chai, kuni na mchango wa pesa. Usiku wa tatu wa matanga mama akasimama, akaanza kumwuliza Mungu kwa sauti, mbona huyu, mbona sasa. Tukamkimbilia: "Nyamaza mama, usimkufuru Mungu. Ni mapenzi yake." Akanyamaza kweli. Hakulia tena mbele yetu, wala hakuja mkutanoni miezi mitatu. Sisi nasi, kwa kufuata sheria za kikundi, tukamwandikia faini ya kutohudhuria!

Alipokuja alilipa faini yote, kisha akasema, "Nilifikiri hapa hakuna mahali pa mtu anayelia."

Hebu tufungue Biblia. Zaburi nyingi ni za malalamiko. Ile ya 88 yaisha gizani kabisa, bila neno la sifa, na bado Kanisa huisali kila Ijumaa katika sala ya kabla ya kulala. Basi nani alitufundisha kwamba kulalamika ni kukufuru? Aliyekata tamaa hamsemeshi Mungu tena. Anayelalamika mbele zake bado anaamini anasikilizwa.

Someni pia Yohana sura ya 11, polepole. Martha anamwambia Yesu waziwazi kwamba angalikuwapo, Lazaro hangalikufa. Yesu hamkemei. Ni huyo huyo Martha, katikati ya lawama yake, anayeambiwa habari ya ufufuko. Halafu Yesu, akijua atamfufua rafiki yake, analia machozi. Kwa hiyo tumaini letu halikaushi machozi kwa amri.

Na marafiki wa Ayubu? Siku saba, mchana na usiku, walikaa naye chini bila kusema neno. Hapo walifanya vizuri. Shida ilianza walipofungua mdomo, kama sisi.

Kikundi kile kilifuta faini kwa mfiwa, na wanachama wawili wawili huenda kwake kwa zamu, kumchotea maji na kukaa tu.

Kwa mazungumzo: Katika kikundi chenu, ni nani aliyefiwa na hajaonekana mkutanoni? Nani atakwenda kwake, na siku gani?