Dondoo Muhimu: Vishikwambi vya Walimu, Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay

Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022, ambavyo baadaye Serikali iliwagawia walimu, ni amana. Na madhali joto la mwambao wa Liuli na Mbamba Bay, tofauti na baridi ya milima ya Umatengo, ni hasimu mkubwa wa betri, haifai asilani kukiacha chombo juani wala kukichaji kikiwa kimefunikwa.

Apatapo mtandao mzuri, mwalimu na ahifadhi mapema masomo atakayoyahitaji, au aweke programu ya Kolibri, ambayo masomo yake yakishapakuliwa hayahitaji intaneti tena. Namba ya siri na daftari la makabidhiano visipuuzwe.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni umeme. Katika vijiji vya Tanga, ambako shindano la Global Learning XPRIZE, lililohitimishwa mwaka 2019, liliwapa watoto vishikwambi vya kujifunzia kusoma Kiswahili, palijengwa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. Basi enyi kamati za shule, tafadhalini, tengeni kwanza fedha za umeme wa jua, kabla ya kununua hata kishikwambi kimoja zaidi.