Dawa ya Moto ni Moto: Wimbo wa Huzuni na Faraja ya Msikilizaji katika Taarabu ya Pwani

Ikisiri

Kwamba muziki humwinua mtu moyo ni jambo lisilo na ubishi. Linalohitaji maelezo ni kwa nini mtu aliyejaa simanzi huchagua wimbo wa simanzi, na kwa nini aghalabu huumaliza akiwa na nafuu. Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuitazama taarabu ya pwani ya Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba faraja ya msikilizaji si lazima itokane na maudhui ya furaha. Hutokana na jinsi fani ya wimbo inavyoipa huzuni umbo, sitara na wenzi. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kwamba nyimbo zinazofundishwa katika darasa la fasihi zisikilizwe, zisisomwe tu.

1.0 Utangulizi

Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi anaufahamu mgawanyo wa nyimbo kwa misingi ya dhima. Bembelezi huimbwa ili mtoto atulie na kulala. Hodiya huimbwa kazini, kimai huimbwa na mabaharia, nayo mbolezi huimbwa panapotokea msiba. Mgawanyo huu ni ushahidi kwamba jamii zetu zilitambua tangu kale kuwa wimbo unaweza kuibadilisha hali ya moyo wa mtu, na kwamba kila hali ina wimbo wake.

Katika orodha hiyo, bembelezi na hodiya hazina utata. Sauti nyororo humtuliza mtoto, na mapigo ya pamoja huupunguza uzito wa jembe au kamba. Utata umo katika mbolezi. Wimbo huu haumsahaulishi mfiwa msiba wake. Kinyume chake, humtaja marehemu, huzisimulia sifa zake na kumrejesha mbele ya macho ya walio hai. Kwa mtazamo wa haraka, ni sawa na kukichokoa kidonda kibichi. Hata hivyo, wafiwa huihitaji mbolezi, na pasipo kuimbwa huona kwamba maziko yamepungukiwa.

Utata huo haumo matangani tu. Mathalani, mwanafunzi ameachwa na mchumba wake katika juma la mitihani. Wenzake bwenini wanamfungulia muziki wa kuchezeka ili achangamke, naye anaomba uzimwe. Usiku ukiingia, anauweka wimbo wa taarabu unaolalamikia mapenzi yaliyovunjika. Anausikiliza mara tatu, anafuta machozi, kisha anafungua kitabu. Wenzake hawakukosea kuamini kwamba muziki ungemsaidia. Walichokosea ni aina ya muziki. Makala haya yanatafuta maelezo ya tofauti hiyo.

2.0 Taarabu: Jina na Safari Yake

Taarabu inafaa kuwa uwanja wa mjadala huu kwa sababu ya jina lake lenyewe. Asili ya neno hili ni neno la Kiarabu, tarab, ambalo hurejelea hali ya mtu kutekwa na sauti tamu hadi nafsi yake ikasisimka. Kamusi za kale za Kiarabu huieleza hali hiyo kuwa ni wepesi unaompata mtu kwa sababu ya furaha kubwa au huzuni kubwa. Maelezo hayo yana uzito katika mjadala huu. Walioliunda neno hawakuitenga furaha na huzuni. Walichokitaja ni ule mtikisiko wa nafsi ambao zote mbili huuleta, na matokeo yake wakayaita wepesi.

Muziki wenyewe ulianza kujulikana Unguja katika jumba la mfalme. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri na kumtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza ala. Mnamo 1905, kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa. Wakati huo nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, na wasikilizaji wake wakuu walikuwa watu wa tabaka la juu.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kuchuuza vyungu. Siti aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Kupitia kwake taarabu iliwafikia wakazi wa Ng'ambo, wengi wao wakiwa vibarua, wachuuzi na watu waliotoka utumwani au kuzaliwa na waliokuwa watumwa. Nyimbo zake hazikuwa za mahaba pekee. Nyingine zilisimulia dhuluma walizotendewa wanyonge. Wasikilizaji hao hawakuhitaji kuelezwa kwamba maisha ni magumu. Walichokipata kwa Siti ni kuusikia ugumu huo ukitajwa kwa sauti nzuri, mbele ya watu. Si ajabu kwamba Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kuandikiwa kitabu, Wasifu wa Siti binti Saad.

Mombasa nayo ilijenga mkondo wake. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipata umaarufu kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi yenye athari za filamu za Kihindi. Mengi ya mashairi hayo yalitungwa na nduguye, Ahmad Nassir, mtunzi wa diwani ya Malenga wa Mvita. Kwa upande wake, Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, alisifika kwa upigaji wa udi. Katika tungo za mkondo huu, malalamiko ya mpenzi aliyetendwa ni mojawapo ya maudhui makuu.

3.0 Yanayotendeka kwa Msikilizaji

Wazo kwamba hisia kali hutibiwa kwa hisia ya aina yake si geni. Wanafunzi wa fasihi humkumbuka Aristotle kwa dhana ya mtakaso wa hisia katika tanzia. Lakini katika kitabu cha 8 cha Siasa, mwanafalsafa huyo aliihusisha dhana hiyo na muziki. Alieleza kwamba watu waliopagawa, wanaposikia tuni takatifu za kupandisha mori, hutulia kana kwamba wamepata dawa. Waswahili wamelisema jambo hilo kwa maneno machache zaidi: dawa ya moto ni moto.

Katika miaka ya 1940, Ira Altshuler, daktari wa maradhi ya akili nchini Marekani, alilifanya wazo linalokaribiana na hilo kuwa kanuni ya tiba. Alipendekeza kwamba mgonjwa aanze kupigiwa muziki unaolingana na hali aliyo nayo, kisha muziki ubadilishwe hatua kwa hatua kuelekea hali inayotakiwa. Mwenye majonzi hapigiwi ngoma ya harusi ghafla. Kwanza hukutwa pale alipo, ndipo akaongozwa kutoka. Kanuni hii inaeleza kwa nini wenzake yule mwanafunzi walishindwa. Walimwita kutoka ng'ambo ya mto bila kumpelekea mtumbwi.

Utafiti wa karne hii umeongeza maarifa kuhusu yanayotokea ubongoni. Salimpoor na wenzake (2011), huko Montreal, walichunguza bongo za watu waliokuwa wakisikiliza muziki wanaoupenda. Waligundua kwamba dopamini, kemikali inayohusishwa na raha na matarajio, ilitolewa mara mbili: msikilizaji alipokuwa akiingojea sehemu inayomsisimua, na sehemu hiyo ilipofika. Kwa hiyo, kungojea kwenyewe ni sehemu ya raha. Nao Taruffi na Koelsch (2014) waliwahoji watu 772 kuhusu muziki wa huzuni. Hisia iliyotajwa mara nyingi zaidi haikuwa huzuni, bali hamu ya mambo yaliyopita. Aidha, utulivu na wororo wa moyo ulitajwa.

Matokeo hayo yana manufaa, ila hayatoshelezi mahitaji ya mhakiki wa fasihi. Salimpoor na wenzake walitumia muziki usio na maneno, ilhali taarabu ni ushairi unaoimbwa. Inafaa basi kuuliza fani ya ushairi huo inachangia nini.

4.0 Fani ya Wimbo kama Chombo cha Faraja

4.1 Umbo

Huzuni halisi haina mpangilio. Huja wakati wowote, hukatiza usingizi, na mwenye nayo hajui itakwisha lini. Wimbo wa taarabu, kinyume chake, una mpangilio madhubuti. Ubeti uliozoeleka una mishororo mitatu, kila mshororo mizani 16, yaani 8 katika ukwapi na 8 katika utao, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Msikilizaji akishausikia ubeti wa kwanza, masikio yake huanza kungojea. Anajua kina kitaangukia wapi na kiitikio kitarudi lini, nacho hakikosi kurudi. Hapa ndipo raha ya kungojea iliyobainishwa na watafiti inapokutana na kanuni za arudhi zinazofundishwa darasani.

Aidha, mwimbaji haanzi na maneno. Udi, fidla au kodiani hutangulia, na mahadhi hutandazwa kabla ya malalamiko kuingia. Baina ya beti, ala hurejea na kumpa msikilizaji nafasi ya kupumua. Kilio kilichogawanywa hivyo hubebeka. Maumivu ni yaleyale, ila sasa yana mwanzo, vituo na mwisho.

4.2 Fumbo

Mtunzi wa taarabu hataji jina la aliyemtenda. Humwita ua, ndege, tunda au jahazi lililokata nanga. Wahakiki wengi huyaeleza mafumbo haya kama mbinu ya kukwepa lawama au kupiga vijembe. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanamtazama mtunzi zaidi kuliko msikilizaji. Kwa msikilizaji, fumbo ni nyumba tupu ambamo kila mtu huingia na vyombo vyake. Ndege aliyeruka anaweza kuwa mchumba kwa mmoja, mtoto aliyehama kwa mwingine, na marehemu kwa wa tatu.

Vilevile, fumbo huleta sitara. Katika jamii inayothamini haya na kuficha ya chumbani, si kila mtu anayeweza kusema kwamba ameachwa. Kuusifu wimbo wa ndege aliyeruka, hata hivyo, hakumwaibishi mtu. Msikilizaji huyatoa ya moyoni mwake kwa kinywa cha mwimbaji, na siri yake hubaki palepale. Mwenye kovu usidhani kapoa, na wimbo humruhusu kuligusa kovu hilo bila kuvua nguo hadharani.

4.3 Hadhira

Taarabu hupigwa sana harusini, na nyimbo za malalamiko huimbwa humo humo penye shangwe. Ubeti unapomgusa mmoja wa wanawake waliohudhuria, huinuka, akaenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji na kumtunza fedha. Kwa tendo hilo hukiri kwamba maneno yale yamemsemea. Wengine huona, na baadhi yao huinuka pia. Kila mmoja ana lake, lakini wote wameinuliwa na ubeti mmoja. Methali isemayo kifo cha wengi harusi hutimia hapa takriban kwa maana yake ya wazi.

Anayesikiliza peke yake chumbani kupitia redio au simu hana umati huo. Hata hivyo, hayuko peke yake kabisa. Kuwepo kwa wimbo ni uthibitisho kwamba mtu mwingine aliwahi kuumia vivyo hivyo au kuyaelewa maumivu hayo, akakaa chini, akahesabu mizani na kuyafanya kitu kizuri. Ujumbe huo humfikia hata asiposikia neno moja la kumtaka ajikaze.

5.0 Mipaka ya Faraja

Itakuwa kosa kudai kwamba kila wimbo wa huzuni humfaa kila mwenye huzuni. Garrido na Schubert (2015) walibaini kwamba kusikiliza muziki wa huzuni kunaweza kuishusha zaidi hali ya msikilizaji, hasa yule mwenye mazoea ya kuyazungusha mawazo machungu kichwani bila kukoma. Mtu wa aina hiyo huuchukua ubeti mmoja unaomchoma na kuurudia usiku kucha. Matokeo hayo hayaitangui hoja ya makala haya, bali yanaiwekea masharti. Iwapo faraja hutokana na umbo lenye mwanzo na mwisho, basi msikilizaji anayeukataa mwisho ameliondoa lile ambalo lingemsaidia. Kanuni ya Altshuler nayo haikuishia katika kumkuta mtu alipo. Ilidai aongozwe kwenda mbele.

Kadhalika, wimbo si mbadala wa matibabu. Sonona, ile huzuni nzito inayodumu kwa majuma na kumnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na matumaini, inahitaji daktari au mshauri. Wenzake yule mwanafunzi wa bwenini wana wajibu wa kutambua kama ameufungua tena mlango asubuhi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili kwamba wimbo wa huzuni humwinua msikilizaji si kwa kumdanganya kuwa mambo ni mazuri, bali kwa kuipa huzuni yake umbo linaloshikika, fumbo linaloisitiri, na hadhira inayoibeba pamoja naye. Wepesi uliotajwa katika asili ya neno taarabu hupatikana kwa njia hiyo.

Jambo hili lina athari katika ufundishaji. Mara nyingi wimbo huletwa darasani ukiwa umechapwa, mwanafunzi akatakiwa kutaja dhamira, naye akaandika huzuni na kupata alama zake. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Limetaja wimbo unasema nini, likaacha unamtendea nini anayeusikia. Inapendekezwa kwamba wahadhiri waanze kwa kuusikilizisha wimbo mzima, ala na sauti, kabla ya kugawa maandishi yake, na kwamba wanafunzi wanaokusanya data nyanjani wamhoji msikilizaji pamoja na msanii. Ataulizwa ni ubeti gani uliomwinua kitini kwenda kutunza, na siku hiyo alikuwa amekuja na lipi moyoni.