Kompyuta ya Nyumbani na Magonjwa Yake

Watu wa Sumbawanga husimulia kwamba jina la mji wao lilitoka katika maneno mawili ya Kifipa: sumba, maana yake tupa, na wanga, maana yake uchawi. Walakini katika sehemu nyingine za Tanzania mji huo hutajwa kwa mzaha, na watu husema kwamba radi za Ufipa hutumwa na wenye chuki. Basi leo tutazungumza habari za chombo kimoja ambacho kikiharibika watu husema upesi, "Kimerogwa," au, "Kimekufa." Chombo hicho ni kompyuta. Hitilafu zake zina sababu, na sababu hizo hutafutwa kwa taratibu, tangu nje mpaka ndani, na tangu jambo jepesi mpaka jambo gumu.

Utauliza, "Kwa nini mimi mwanafunzi nijishughulishe na kazi ya fundi?" Fikiri bei yake. Mkulima wa mahindi na maharage huweza kutoa mapato ya msimu mzima kwa ajili ya mashine moja iliyokwisha kutumika. Tena ndani yake mna hesabu za duka, barua za baba, na picha za bibi aliyekwisha kufariki. Mtu asiyejua hata kueleza ugonjwa wa mashine yake hulipia ugonjwa usiokuwapo, au huambiwa kwamba vyote vilivyomo vimepotea, hali havijapotea.

Sikiliza mazungumzo haya ya mtoto na fundi wake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

"Kompyuta ya baba. Imekufa."

"Kufa si jina la ugonjwa. Ukiwasha, taa yake ndogo yawaka?"

"Yawaka."

"Wasikia feni ikizunguka?"

"Naisikia, ila skrini ni nyeusi tu."

"Ilikuwa ikifanya nini mara ya mwisho ilipokuwa nzima?"

"Jana tuliihamisha kutoka chumbani mpaka sebuleni."

Fundi hakugusa bado hata msumari mmoja, walakini amekwisha kujua mengi. Umeme unaingia, maana taa yawaka. Mashine yapumua, maana feni yazunguka. Nayo ilihamishwa jana, kwa hiyo yamkini kuna kitu kilicholegea. Jifunze kuuliza maswali hayo wewe mwenyewe kabla hujatoka nyumbani.

Tuanze na mashine isiyowaka kabisa. Usiifungue. Tazama kwanza taa ya nyumba. Kama nayo haiwaki, huenda umeme umekatika mtaa mzima, au uniti za LUKU zimekwisha. Usicheke, wako watu waliobeba kompyuta nzima mpaka kwa fundi kwa sababu ya uniti. Kama taa yawaka, chomeka chaja ya simu katika soketi ileile. Simu ikiingia chaji, soketi haina kosa. Kisha itazame plagi. Plagi zetu zenye miguu mitatu bapa zina fyuzi ndani yake, nayo ikiungua hubadilishwa kwa nyingine ya kipimo kilekile. Usitie kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi iliwekwa ili ikatike hatari ijapo. Waya hautakatika, na nyumba yaweza kuungua. Baada ya plagi fuata waya mpaka nyuma ya mashine, uusukume uingie sawasawa. Hapo nyuma pana swichi ndogo yenye alama mbili, 0 na I. Ikiwa upande wa 0 mashine haitawaka hata ukibonyeza mchana kutwa, na afagiaye chumba huweza kuigusa bila kujua.

Mashine nyingine kuukuu zina swichi nyekundu yenye namba 115 na 230. Namba hizo ni volti. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 230, na ule wa Marekani ni wa karibu nusu yake. Ukichomeka mashine iliyowekwa kwenye 115, utasikia mlio na kunusa harufu ya kuungua. Kwa hiyo mashine kuukuu mpya kwenu huangaliwa nyuma kabla ya kuchomekwa, wala si baadaye.

Sasa turudi kwa yule mtoto, ambaye mashine yake yawaka lakini skrini ni nyeusi. Skrini ya kompyuta ya mezani ina waya wake wa umeme na waya mwingine uletao picha. Wote wawili huchunguzwa. Kama ni kompyuta mpakato, ambayo skrini yake imeungana na kibodi, izime, ichomoe chaja, ukaitoe betri kama hutoka, ukabonyeze kitufe cha kuwashia kwa muda wa nusu dakika, kisha urudishe chaja na kujaribu tena. Umeme kidogo uliosalia ndani hutoka, na mara nyingine mashine huamka.

Ikiwa bado ni giza, na hasa ikiwa mashine yatoa milio mifupi, "pi, pi, pi," yamkini ni kumbukumbu ya muda, ile ambayo mafundi huiita RAM. Ni kibao chembamba kilichopachikwa katika mfereji wake. Kibao hiki hulegea kwa kutikiswa, na mashine za Ufipa hutikiswa sana. Nyingi hununuliwa Mbeya au Dar es Salaam na kupakiwa katika basi. Kutoka Tunduma peke yake mpaka Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 200, na njia za vijijini zina mashimo yasiyohesabika. Mtu mzima aichomoe mashine katika umeme, aguse chuma kitupu ili umeme wa mwili wake uondoke, akitoe kibao, apanguse meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kitambaa safi kikavu, na kukirudisha mpaka kisikike kikibana. Kazi hii haichukui hata robo saa. Lakini kile kisanduku cha chuma kiingizacho umeme ndani ya mashine kisifunguliwe na mtu asiye fundi, hata kama mashine imechomolewa, maana ndani yake mna vitu vinavyoweka umeme kwa muda, navyo hupiga.

Hapa nitaje ugonjwa mdogo unaowatisha wengi. Kila asubuhi kompyuta huonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita, na kurasa za intaneti hukataa kufunguka. Sababu ni betri ndogo ya mviringo kama sarafu, yenye volti 3, ihifadhiyo saa ya mashine wakati imezimwa. Ikichoka, saa hupotea kila umeme ukatikapo. Betri hiyo ni ya bei ndogo sana. Ukiambiwa kwamba mashine nzima yahitaji kubadilishwa kwa sababu ya tarehe, shukuru kwa adabu, uende kwa fundi mwingine.

Mashine nyingine huwaka vizuri, kisha baada ya nusu saa hujizima. Hapo shuku joto. Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika tanuru la udongo liitwalo ilungu, refu kupita mtu, na mabaki ya matanuru hayo yaonekana hata leo. Ilungu halikuvukutwa kwa mivukuto. Lilikuwa na matundu chini, nalo lilivuta hewa lenyewe. Kompyuta nayo ina matundu ya hewa, ila mambo yake ni kinyume: ilungu likizibwa pumzi hupoa, na kompyuta ikizibwa pumzi huchemka. Kile kipande kifanyacho hesabu zote, yaani prosesa, hutoa joto jingi, na feni hulitoa nje. Wakati wa kiangazi upepo wa uwanda wa juu huleta vumbi, vumbi hujaza feni, na mashine hujizima yenyewe ili isiungue. Usidhani kwamba baridi ya Sumbawanga yatosha kuiponya. Izime, uichomoe, usafishe matundu kwa brashi laini, ukiishika feni isizunguke. Tena usiweke kompyuta mpakato juu ya blanketi, maana matundu yake mara nyingi yako chini.

Turudie sasa habari ya radi. Mvua za Ufipa, tangu Novemba mpaka Aprili, huja na ngurumo kubwa. Radi ikipiga nguzo au nyaya, hata mbali na nyumba yako, umeme wenye nguvu nyingi hukimbia katika nyaya na kuingia katika kila chombo kilichochomekwa. Nyumba yako huunguliwa kompyuta, na ya jirani husalimika. Hapo ndipo maneno huanza: "Kwa nini kwetu tu?" Jibu ni kwamba jirani alikuwa amechomoa, au hakuwa na kitu katika soketi. Maneno ya namna hiyo si mchezo. Yamewaletea wazee wasio na hatia, na hasa wanawake wazee, matusi, kufukuzwa na hata kuuawa katika sehemu mbalimbali za nchi yetu. Kwa hiyo mtoto ajuaye njia ya radi katika waya ana neno la kusema barazani.

Dawa yake ni kuchomoa. Kuzima swichi hakutoshi, kwa kuwa radi huruka nafasi ndogo kama ile ya swichi. Wingu likikusanyika, chomoa plagi, pamoja na waya wa antena au wa intaneti kama upo. Lakini ikiwa ngurumo imekwisha kuwa juu ya paa, usiiguse plagi wala waya. Acha mashine iungue, wewe ubaki mzima.

Umeme wa kila siku nao una matata yake. Kwa miaka mingi mji wa Sumbawanga ulipata umeme wake kwa nyaya ndefu kutoka nchi ya Zambia. Umeme usafirio mbali hupungua nguvu njiani, na ukikatika na kurudi ghafula huja kwa kishindo. Stabilaiza husaidia kusawazisha nguvu hiyo. Umeme ukikatika, ichomoe mashine, na urudipo ngoja dakika chache kabla ya kuichomeka.

Mpaka hapa tumesema habari za mwili wa mashine. Yako pia magonjwa ya programu. Mashine ikiganda, na mshale wa mausi usisogee, ngoja kwanza dakika mbili au tatu. Huenda ina kazi nyingi. Kisha bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Alt na Delete, uifunge programu iliyokwama. Kuzima kwa kushikilia kitufe ni njia ya mwisho, maana kazi usiyoihifadhi itapotea. Mashine iliyo nzito siku zote huenda imejaa picha na nyimbo, au ina programu nyingi zinazojiwasha zenyewe asubuhi. Punguza.

Ugonjwa uenezwao sana shuleni na katika maduka ya kuchapisha ni virusi vya flashi. Unachomeka flashi yako, unakuta mafaili yote yamegeuka kuwa alama zenye mshale mdogo pembeni, au flashi yaonekana tupu ingawa nafasi yake imejaa. Hapo wengi hulia, na mwenye duka huwaambia, "Tuifomati." Kufomati ni kufuta. Aghalabu mafaili yako yangalimo. Virusi vimeyaficha tu, na kuweka alama za uongo mahali pake ili ubonyeze na kuvieneza. Usibonyeze. Ichunguze flashi kwa programu ya antivirusi katika mashine iliyo safi, kisha mwombe ajuaye akuonyeshe jinsi ya kufichua mafaili yaliyofichwa. Fomati baadaye, ukiisha kuyatoa yote.

Walakini ukisikia diski ya ndani ikigonga, "ta, ta, ta," usijaribu hili wala lile. Diski ya namna ile ina sahani izungukayo na sindano ipitayo juu yake karibu mno bila kuigusa. Kugonga ni dalili kwamba inaharibika, na kila uiwashapo waizidishia jeraha. Ikiwa bado yafunguka, nakili kwanza vile visivyoweza kupatikana tena, yaani picha na hesabu. Programu zitapatikana kwingine. Afadhali zaidi nakala hizo ziwe zimekwisha kufanywa kabla ya siku hiyo, na kuwekwa katika nyumba nyingine, kwa kuwa mwizi na moto huchukua mashine na flashi iliyo juu yake pamoja.

Ulijaribupo jambo lolote katika haya, jaribu moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, RAM na betri kwa pamoja, na mashine ikawaka, hutajua ni kipi kilichokuwa na kosa. Tena uwe na daftari, uandike tarehe, dalili, ulilolifanya na lililotokea. Desturi hii ni ya zamani. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, watu waliohudumu kompyuta kubwa iitwayo Mark II waliona inakosea. Walitafuta, wakamkuta nondo amenaswa katika moja ya swichi zake. Mafundi wa nchi zile walikuwa wamezoea tangu zamani kuiita hitilafu "mdudu," kwa hiyo walifurahi, wakambandika nondo katika daftari la kazi na kuandika kwamba safari hii mdudu wa kweli amepatikana. Daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani, na nondo yumo.

Maswali. Fundi alijuaje kwamba kuna kitu kilicholegea, naye hajafungua mashine? Kwa nini kuzima swichi hakutoshi wakati wa radi? Eleza jinsi ilungu na kompyuta zinavyofanana na zinavyotofautiana. Mwenzako ameambiwa kwamba flashi yake ifomatiwe: utamwambia afanye nini kwanza?