Usishuke shimoni kabla ya kupima hewa

Ndugu mfanyakazi, mgodini unaijua sheria: njia isiyopata hewa haiingiwi. Lakini siku ya mapumziko, ukiwa kwako Goma, unachukua ndoo na burashi, unashuka kusafisha tangi la maji lililochimbwa kiwanjani. Je, nani amepima hewa ya humo ndani?

Upande wa magharibi wa mji, kutoka Keshero kuelekea Bulengo, Mugunga na Sake, kuna mahali gesi inapotoka katika nyufa za ardhi. Wenyeji wanaiita mazuku, ndiyo upepo mbaya. Sehemu kubwa yake ni kaboni dioksidi. Haina rangi, wala huwezi kuitegemea pua yako. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, basi inatiririka kama maji na kutuama penye bonde: tangi, kisima kikavu, shimo la choo, chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, inajaa. Jua na upepo vikija, inapungua. Hivyo mahali watoto walipocheza jana mchana, asubuhi unaweza kukuta mbuzi amekufa.

Wengine hushusha mshumaa: ukiwaka, wanashuka. ANGALISHO! Mshumaa unadanganya. Kaboni dioksidi ikifika 4 kwa 100, maisha yako yamo hatarini tayari. Lakini oksijeni ingali karibu 20 kwa 100, na mshumaa unawaka vizuri. Tena katika shimo la choo moto waweza kuwasha metani na kulipuka.

Usitegemee pia kile kipimo tunachovaa mgodini. Mara nyingi kinapima oksijeni, monoksidi ya kaboni, gesi ya mayai yaliyooza na gesi zinazolipuka. Kaboni dioksidi hakikioni, nacho kitanyamaza huku magoti yako yanalegea. Uliza kapita wako wazi: hiki kinapima kaboni dioksidi? Kama sivyo, kazi hiyo haijaanza.

Kazi yenyewe ifanywe mchana. Fungua kifuniko, peleka hewa safi mpaka chini kabisa kwa mashine na bomba, kisha shusha kipimo kwa kamba. Kinywa cha shimo si mahali pa kupima! Anayeshuka avae mkanda wenye kamba, na juu wabaki watu wawili wenye nguvu na chombo cha kumvutia. Kipimo kiendelee kufanya kazi, kwani gesi hurudi kwa ufa ule ule.

Mwenzako akianguka, USIMFUATE. Mvute kwa kamba. Bila kamba, peleka hewa chini, ita waokoaji wenye mitungi ya hewa. Anayeruka kumwokoa ndugu yake huanguka juu yake.

Na nyumba? Ziba nyufa za sakafu kwa saruji. Usimlaze mtoto chini katika chumba kilicho bondeni. Godoro liwe juu ya kitanda. Ukuta wa kiwanja uwe na matundu chini kabisa, upande wa mteremko, la sivyo umejenga beseni la gesi. Angalia tu yasimwage gesi hiyo mlangoni kwa jirani. Kabla ya kuchimba msingi, uliza Observatoire Volcanologique de Goma, inayochunguza volkeno zetu tangu 1986. Ukiona majani yamekauka na wadudu wamekufa mahali pamoja, weka alama ya mawe na kamba, umjulishe mkuu wa mtaa siku hiyo hiyo.