Dawa ya Binadamu Si Dawa ya Mbwa: Somo kwa Wakazi wa Mpakani



Katika vijiji vyetu vya mpakani, ambako mwizi wa mifugo huweza kuvuka usiku na kurudi kabla ya alfajiri, anayeamka kwanza mara nyingi ni mbwa. Somo la toleo hili linahusu afya yake, na hasa jambo linalofanywa kwa nia njema lakini likaleta msiba: kumpa mbwa dawa za maumivu tunazomeza sisi wenyewe.

Kisa kilichofika kituoni

Asubuhi moja mzee mmoja alifika kituoni kwetu akiwa na hasira, mbwa wake aliyekufa akiwa ndani ya gunia. Alidai kwamba jirani yake, mfanyabiashara aliyehamia kutoka ng'ambo ya mpaka, alimwekea mbwa huyo sumu. Nyuma yake walisimama vijana watano, na maneno yao hayakuwa ya amani.

Tuliwasihi wasubiri, tukamwita daktari wa mifugo. Alipompasua mbwa yule alikuta tumbo limejaa vidonda na damu. Akauliza, "Mzee, siku hizi za karibuni mlimpa nini?"

"Daktari, alikuwa akichechemea. Tulimpa diklofenaki ya mama watoto, kidonge asubuhi na kidonge jioni, siku nne."

Alipoelezwa maana ya jibu lake, mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaomba twende naye kwa jirani, akamtaka radhi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Ilibaki kidogo damu ya mtu imwagike kwa sababu ya kidonge.

Kwa nini dawa hizi humdhuru mbwa

Maumivu na uvimbe huchochewa na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Aibuprofeni, diklofenaki, naproksini na aspirini huzuia kemikali hizo zisitengenezwe. Lakini baadhi yake ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali, tena husaidia damu ifike vyema kwenye figo. Zikizuiwa kupita kiasi, tumbo hupata vidonda na hata kutoboka, na figo hushindwa kufanya kazi.

Hatari kwa mbwa ni kubwa zaidi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzito. Mtu wa kilo 60 akimeza kidonge cha aibuprofeni cha miligramu 400, hupata takriban miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili wake. Mbwa wa kilo 10 akipewa kidonge hicho hicho hupata miligramu 40 kwa kila kilo, kiasi kinachotosha kumletea kutapika na vidonda vya tumbo.

Sababu ya pili ni kwamba mwili wa mbwa huchelewa kuziondoa baadhi ya dawa hizi. Nusu ya naproksini huondoka katika damu ya binadamu kwa saa 12 hadi 17; kwa mbwa huchukua takriban saa 74. Anayempa kidonge kingine kesho yake humwongezea sumu juu ya ile ambayo bado imo mwilini.

Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol, nayo si salama. Vidonge viwili vya miligramu 500 vyaweza kuharibu ini la mbwa wa kilo 10. Paka ndiye dhaifu kabisa: kidonge kimoja tu chaweza kumuua.

Daktari wa mifugo anazo dawa za maumivu za mbwa, kama vile kaprofeni na meloksikamu. Hata hivyo, jina la dawa kufanana na ile ya binadamu si kibali cha kuitumia. Mbwa wa kilo 10 anayeendelea na matibabu ya meloksikamu huhitaji takriban miligramu 1 kwa siku, ilhali kidonge cha binadamu huwa na miligramu 7.5 au 15.

Dalili na hatua za kuchukua

Mbwa aliyedhuriwa na dawa hizi huweza kukataa chakula, kutapika, kuharisha, kutoa kinyesi cheusi kama lami, kulegea, au kunywa maji na kukojoa kuliko kawaida. Ufizi waweza kuwa mweupe, wa manjano au wa kahawia.

Ukiona dalili hizo, fanya yafuatayo:

1. Acha mara moja kumpa dawa.
2. Mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na pakiti ya dawa, ukieleza idadi ya vidonge na saa alizopewa.
3. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi yenyewe yaweza kumuua. Maziwa pia si dawa ya sumu hii.

Kwa mbwa anayechechemea tu, mpumzishe kivulini, mpe maji, na umwite mtaalamu.

Tahadhari kwa mwenye mbwa

Mbwa mwenye maumivu huweza kumuuma hata anayempenda. Zaidi ya hayo, mbwa anayetokwa na mate mengi, asiyeweza kumeza, au aliyebadilika tabia ghafla huenda ana kichaa cha mbwa. Usitie mkono kinywani mwake kumpa kidonge. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo upate chanjo. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua.

Unaposhuku sumu

Wapo wahalifu wanaowatega mbwa kwa sumu, nasi hatupuuzi taarifa hizo. Usimguse mbwa aliyekufa kwa mikono mitupu, wala usijichukulie sheria mkononi. Toa taarifa kituoni, na useme ukweli kuhusu dawa yoyote aliyopewa nyumbani. Ukweli huo humlinda jirani asiye na hatia, na hutusaidia kumfuata mwenye hatia pale alipo.

Maswali ya kujadili katika mkutano wa kijiji

1. Nyumbani kwako, nani huamua mbwa apewe dawa gani?
2. Je, kila kaya inajua mahali pa kumpata daktari wa mifugo aliye karibu?
3. Mbwa akifa ghafla, tufanye nini kabla ya kutaja jina la mtu?