Onyo la Mwinuko katika Ndege za Kivita na Mipaka ya Mwili wa Rubani

Dereva wa lori anayetoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma huanza safari karibu na usawa wa bahari na kuimaliza mpakani, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,500. Mgandamizo wa hewa anaoukuta huko ni takriban asilimia 83 ya ule aliouacha pwani. Altimita ya ndege ikiwekwa ndani ya lori hilo ingeonyesha kupanda huko kote, ilhali magurudumu hayajaiacha barabara hata mara moja. Mfano huu unabainisha jambo la msingi katika tiba ya urubani: chombo kinaweza kusema kweli kuhusu mwinuko, na bado kisiseme lolote kuhusu ardhi iliyo karibu.

Altimita mbili, maswali mawili

Altimita ya kwanza hupima mgandamizo wa hewa. Rubani huirekebisha kwa kipimo anachopewa na waongozaji wa ndege. Kipimo hicho kikikosewa kwa hektopaskali 10, usomaji hupotoka kwa karibu mita 85. Hata kikiwa sahihi, altimita hiyo hujibu swali moja tu: ndege iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari? Uwanja wa Ndege wa Songwe, unaowahudumia wakazi wa Vwawa na Tunduma ingawa uko upande wa Mbeya, umeinuka takriban mita 1,340. Kilele cha Mbeya, kilicho katika milima ya jirani, kinapita mita 2,800. Ndege iliyo kwenye mita 2,500 ina zaidi ya kilomita moja ya hewa kati yake na uwanja, lakini iko chini ya kilele cha mlima.

Altimita ya pili hutumia mawimbi ya redio. Antena iliyo tumboni mwa ndege hutuma mawimbi chini, kisha chombo hupima muda yanaotumia kurudi na kukokotoa umbali hadi ardhini. Rubani huchagua kiwango cha chini. Ndege ikishuka chini ya kiwango hicho, taa huwaka na sauti husikika masikioni mwake. Chombo hiki kina upungufu wa aina mbili. Kwanza, hutazama chini, hakitazami mbele. Mlima wenye mteremko mkali huonekana kwake ukiwa umeshakaribia mno. Pili, ndege ya kivita hulala ubavu na hata kupinduka. Tumbo lake linapoelekea angani, antena haioni ardhi tena, na onyo linaweza kukosekana wakati linapohitajika zaidi.

Tarehe 12 Agosti 2012, helikopta za jeshi la Uganda ziliondoka Nanyuki kuelekea Garissa, zikiwa safarini kwenda Somalia. Kati ya miji hiyo umesimama Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199. Helikopta tatu za kivita aina ya Mi-24 zilianguka katika mlima huo, na wanajeshi saba walipoteza maisha. Helikopta si ndege ya kasi kubwa, lakini ajali hiyo inaonyesha jinsi mlima unavyosamehe makosa machache.

Hesabu ya sekunde

Ndege ya kivita inayokwenda mita 250 kwa sekunde, pua yake ikiwa imeinama nyuzi 30, hupoteza mita 125 za mwinuko kila sekunde. Tuseme onyo linalia ikiwa mita 500 juu ya ardhi. Kwa hesabu ya haraka, rubani ana sekunde nne. Hata hivyo, ndege haiwezi kunyooka papo hapo. Ikivutwa juu kwa nguvu inayoufanya mwili uwe na uzito mara tano ya kawaida, itaendelea kushuka takriban mita 200 kabla ya kunyooka. Zinabaki mita 300, yaani sekunde mbili na nusu tu za kusikia, kuelewa, kuamua na kutenda.

Ndiyo sababu wahandisi walitengeneza mfumo unaolinganisha njia ya ndege na ramani ya kidijitali ya ardhi iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Kuanzia mwaka 2014, Jeshi la Anga la Marekani limeuweka katika ndege za F-16 mfumo ambao, ukiona ajali haiepukiki kwa njia nyingine, huchukua usukani wenyewe, hunyoosha mabawa na kuivuta ndege juu. Umeokoa marubani kadhaa, akiwemo mwanafunzi aliyepoteza fahamu angani na kuonekana katika video iliyotolewa mwaka 2016. Nao una mipaka yake: hutegemea usahihi wa ramani na wa mahali ndege ilipo, na mnara au waya usiokuwamo katika ramani haupo machoni pake.

Sikio na ubongo

Kwa daktari, sehemu dhaifu ya mnyororo huu ni mpokeaji wa onyo. Ndege inapogeuka kwa nguvu kubwa, damu husukumwa kuelekea miguuni na ubongo hukosa oksijeni. Rubani huanza kuona giza, kisha huzimia. Sauti ya onyo haimfikii mtu aliyezimia. Vilevile, hewa ya ndani ya chumba cha rubani ikipungua juu sana, kwa mfano mita 10,600, akili yake hubaki timamu kwa takriban dakika moja au pungufu. Haipoksia haina maumivu. Wengine hujihisi vizuri kabisa huku uamuzi wao ukiwa umeharibika.

Hatari ya tatu iko katika sikio la ndani. Mifereji yake huhisi mzunguko unapoanza, lakini mzunguko wa polepole au wa muda mrefu hauhisiki. Gizani au mawinguni, rubani anaweza kuamini kuwa ndege imenyooka huku ikilala ubavu. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya abiria ya Kenya Airways, safari namba 507, ilianguka muda mfupi baada ya kuruka Douala, Kamerun, na watu wote 114 wakafa. Onyo la kuinama lilisikika, lakini hatua zilizofuata za rubani ziliizidishia ndege mwinamo. Uchunguzi ulitaja kupotewa na mwelekeo kuwa miongoni mwa sababu.

Tena, onyo lenyewe linaweza kudanganya. Tarehe 30 Januari 2000, safari namba 431 ya shirika hilohilo iliruka kutoka Abidjan usiku. Onyo kwamba ndege inapoteza nguvu ya kuelea lilikuwa la uongo. Ndege iliinamishwa pua na kuangukia baharini, na watu 169 kati ya 179 wakafa. Kengele zinazolia bila sababu huleta madhara mengine ya taratibu: humzoesha msikilizaji kuzipuuza. Wauguzi wanaokaa na mashine za kupima oksijeni wodini wanalifahamu tatizo hili.

Wajibu wa mtoa huduma ya afya

Usingizi wa kutosha, maji ya kutosha na kuepuka pombe humpa rubani nafasi ya kuzitumia sekunde zake chache. Dawa nazo ni sehemu ya hesabu hiyo. Piritoni, inayotolewa kwa mafua na mzio, huleta usingizi na kupunguza wepesi wa kutenda. Mtaalamu wa afya wa Tunduma au Vwawa huenda asimtibu rubani wa kivita hata mara moja, lakini madereva wa malori huwahudumia kila siku, na wao pia huteremka milima wakitegemea sekunde mbili. Swali "Unafanya kazi gani?" liulizwe kabla dawa haijaandikwa.